Santuri ya Kumwita Mama

Mwezi uliopita nilikanyaga msumari, nikaenda zahanati kudungwa sindano ya pepopunda. Muuguzi alichovya pamba kwenye spiriti akanipangusa begani, na kabla hajanidunga nikaanza kucheka. Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia siogopi, ni hiyo harufu tu. Foleni ilikuwa ndefu, sikuweza kumweleza kwamba harufu ya spiriti kwangu ni Jumapili baada ya kanisa, nyumba yetu ya kiwandani karibu na Ikonge, na tata akiwa amevua koti na kukunja mikono ya shati, anafuta santuri kwa kitambaa laini chenye spiriti, polepole, kama anayemwosha mtoto mchanga.

Tata ndivyo tunavyomwita baba mzazi katika Ekegusii, lugha yetu. Wangu alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai, na kwa sababu hiyo tulikaa kwenye mstari wa nyumba za wafanyakazi, nyumba zilizokuwa na umeme wakati ng'ambo ya barabara watu waliwasha taa za mafuta. Chai ilipokuwa ikikaushwa, harufu yake iliingia mpaka ndani ya mablanketi. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotuambia saa. Na sebuleni, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, palikuwa na mashine ya santuri, sanduku la mbao lenye kifuniko, ambalo tata alilinunua kwa meneja mmoja aliyehamishwa. Santuri zenyewe zilikaa kwenye katoni chini ya meza. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata kaka yangu Ombati ambaye alikuwa darasa la nne na alijiona mtu mzima.

Mambo ninayoyakumbuka ni ya ile miaka miwili mama alipokuwa koleji. Alikuwa amefundisha shule ya msingi bila cheti, akapata nafasi ya kusomea ualimu, akaenda. Alikuwa akija nyumbani shule zikifungwa, na katikati ya muhula kwa siku mbili tatu. Wa kutulea akaja magokoro, yaani nyanya yetu mzaa tata, kutoka Marani, akiwa na kikapu, leso mbili na kuku wawili ambao hawakuonyesha heshima yoyote kwa nyumba za kiwanda. Mimi nilikuwa sijaanza darasa la kwanza. Nililia siku mbili. Siku ya tatu magokoro aliniambia machozi yakiisha mtu huanza kulia damu, nikaogopa, nikanyamaza.

Katika ile katoni palikuwa na santuri moja ambayo tata aliinunua zamani akimchumbia mama. Jalada lake lilikuwa limechanika pembeni. Mama aliipenda kuliko zote. Alikuwa akifua nguo huku akiiimba kwa sauti ya chini. Ilikuwa ya Kiswahili, na mwimbaji alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito kidogo, akirudia mstari mmoja kila mara: "Baba rudi, rudi, chai inapoa mezani." Na pale pale kwenye "rudi" palikuwa na mkwaruzo. Sindano ilinasa hapo, ikawa "rudi, rudi, rudi, rudi," mpaka tata anyanyuke agonge sanduku kwa kidole.

Sasa, nyumbani tulizungumza Ekegusii tu. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha mjini na cha redio. Na katika Ekegusii, yule anayekuzaa, anayekunyonyesha, anayefua nguo huku akiimba, huyo ndiye tunamwita baba. Kiswahili kinasema baba ni mwanamume. Kwetu baba ni mama. Mimi sikuwa najua kwamba neno moja linaweza kuwa na watu wawili. Nilimuuliza Ombati "rudi" maana yake nini, akaniambia ni kurudi nyumbani. Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi. Wimbo ulikuwa ukimwita mama arudi.

Na ukawa unamleta. Mara ya kwanza tata aliiweka ile santuri Ijumaa jioni, ikaimba, ikanasa, akagonga, ikaendelea, na Jumamosi mchana mama akatokea kwenye kona ya barabara na sanduku lake la bati. Muhula ulipofungwa, vivyo hivyo: santuri Ijumaa, mama Jumamosi. Leo najua tata aliiweka kwa sababu alijua mama yuko njiani, na furaha ilikuwa imemjaa hana pa kuiweka. Mimi niliyaona mambo kwa upande wa pili. Nikaanza kuiomba mwenyewe, kila Ijumaa nilipomwona tata amechangamka. "Tata, weka ile ya baba," nilikuwa nikimwambia, na yeye alidhani namaanisha ile aipendayo mama, akatabasamu, akaiweka. Sikumwambia yeyote nilichokijua. Niliona kwamba mtu akishajua jambo kubwa kama hilo, afadhali alinyamazie.

Tata naye alikuwa na jambo lake. Alikuwa na kijitabu chenye picha za mashine za muziki, alichokifunika kwa nailoni kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Alikisoma mezani baada ya chakula, akipitisha kidole chini ya maneno. Yeye aliupenda muziki, lakini mikwaruzo ilimuumiza sikio.

"Sikia hiyo," alimwambia magokoro siku moja, santuri ikilia kwaru kwaru. "Ni kama mtu anaimba huku jirani anakaanga vitunguu. Mimi nataka kumsikia mtu akiimba. Vitunguu sivitaki."

"Mimi vitunguu navipenda," magokoro akasema.

Jumamosi moja, mama akiwa amebakiza juma moja amalize masomo yake kabisa, pikapu ya kiwanda ilisimama mlangoni ikiwa na makatoni makubwa. Tata alishuka mbele akiwa ameshikilia moja mapajani. Hakumruhusu mtu amsaidie. Alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akafungua katoni moja baada ya nyingine, na ndani ya ile plastiki nyeupe iliyokuwa ikilia kila ikiguswa, akatoa mashine nyeusi yenye mlango wa kioo, amplifaya nzito ya kubebwa kwa mikono miwili, na spika mbili za mbao nyekundu zilizonifika kidevuni. Alitumia alasiri nzima kuunganisha nyaya. Mvua ya saa tisa ikaja, ikapiga mabati, ikaondoka. Yeye yuko sakafuni kwa magoti. Alipomaliza, taa ndogo za kijani zikawaka, na kijisinia kikatoka chenyewe mbele ya mashine, kama ulimi.

Akatuonyesha sidii. Magokoro aliichukua, akaona uso wake ndani yake, akarekebisha kitambaa cha kichwa.

"Sasa kaeni," tata akasema. "Na mnyamaze."

Tukakaa. Akabonyeza rimoti. Mashine ikazunguka, namba zikatokea. Tata akainua mkono.

"Mnasikia?"

Tulitega masikio. Hakukuwa na kitu.

"Hatusikii kitu, tata," Ombati akasema.

"Ndiyo hiyo!" tata akaruka karibu agonge taa. "Hakuna kitu! Hakuna vitunguu!"

Kisha muziki ukaanza, na ni lazima niseme ukweli: ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Ngoma iliingia kupitia sakafu, ikapanda miguuni, ikakaa tumboni. Gitaa lilikuwa upande wa dirisha, na tarumbeta upande wa mlango wa jikoni. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, tulimsikia akivuta pumzi.

"Huyu amechoka," magokoro akasema. "Kwani hakuna mtu wa kumpa maji?"

Tulicheza. Ombati alicheza, mimi nilicheza, tata alicheza akiwa ameshika rimoti juu kama askofu. Mtoto wa jirani alikuja kuchungulia dirishani, tata akamwita ndani, akamwonyesha ukimya, halafu akamwonyesha wimbo. Nilikuwa na furaha ya kweli, mpaka muziki ulipoisha nikasema, "Tata, sasa weka ile ya baba."

Tata akaanza kupanga yale maplastiki.

"Hiyo haimo," akasema. "Bado. Lakini nyimbo za zamani zote zinakuja kwa sidii. Bwana Harish wa duka la redio ameniahidi. Zitakuja safi kabisa."

"Na ile yetu?"

"Nilibadilisha. Santuri zote zimebaki kwa Bwana Harish, mjini. Kuna mwenye hoteli anazitaka." Akanishika kichwa. "Mama yako akija Jumamosi atafurahi, utaona. Hii ni yake. Ni zawadi ya kumaliza koleji."

Nilitazama chini ya meza. Katoni haikuwepo. Sanduku la zamani lenyewe lilikuwa limehamishiwa stoo, kwa sababu Bwana Harish hakulitaka, na kabla ya jua kuzama kuku mmoja wa magokoro alikuwa ameshalikubali. Nikakumbuka tata amesema mama atakuja Jumamosi, nikashangaa jinsi mtu mkubwa anavyoweza kutupa ufunguo halafu akae akingoja mlango ufunguke.

Jumapili sikula. Jumatatu sikula. Magokoro alinipiga jicho mara kadhaa, kisha tulipokuwa tukichambua maharagwe uani, bila kuniangalia, akauliza, "Nini kinakuuma?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza kuhusu Ijumaa na Jumamosi, na "rudi" zile zinazonasa, na jinsi nilivyozihesabu, kwamba siku iliponasa mara nyingi, kesho yake mama alikuja mapema, kabla ya chakula cha mchana. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alishika maharagwe mkononi bila kuyatupa.

"Na kila mara alikuja?"

"Kila mara."

"Hata mimi nilijua ule wimbo ni wake," akasema. "Anaimbwa kwa jina. Kiswahili sikijui, lakini 'baba' naisikia." Akatupa maharagwe kwenye sufuria. "Huyu mwanangu umeme umemwingia kichwani. Kesho tunakwenda mjini. Ukiulizwa, tunanunua vikombe."

Kesho yake dereva wa pikapu alitupa lifti. Magokoro alivaa viatu vyake vya kanisa, akabeba kikapu cha ndizi mbivu. Mji wa Kisii ulinitisha kwa ule mteremko wake na kelele za watu wa sokoni, lakini magokoro alikuwa akiuliza kila tuliyekutana naye, na hakuchukua muda akalipata duka. Lilikuwa na redio kwenye kioo cha mbele, na harufu ya udi ikitoka ndani. Nyuma ya kaunta alikaa mzee mnene wa Kihindi mwenye kalamu sikioni. Alimwona magokoro, akasimama.

"Bwakire buya, mama!" akamsalimia kwa lugha yetu.

Magokoro alifurahi, akajibu, kisha akanisukuma mbele, maana alikuwa ameamua kwamba mambo ya dukani ni ya Kiswahili na mimi ndiye niliyekuwa na kaka anayesoma. Nikakusanya maneno yote niliyokuwa nayo.

"Nataka santuri ya tata yangu," nikasema. "Ile ya baba."

"Ya tata ama ya baba?" Bwana Harish akauliza.

"Ya tata. Lakini ni ya baba."

Akatoa kalamu sikioni. "Baba yako ni ile fundi ya kiwanda?"

"Hapana. Baba ni mwalimu."

"Lakini mimi nilichukua santuri kwa fundi. Mrefu hivi, iko na miwani."

"Huyo ni tata."

"Haya. Na baba iko wapi?"

"Yuko koleji. Anakuja Jumamosi. Lakini hawezi kuja kama haitwi."

"Nani anamwita?"

"Santuri."

Bwana Harish aliniangalia, akamwangalia magokoro. Mteja mmoja aliyekuwa akinunua betri aliacha kuhesabu betri. Magokoro aliona tumekwama, akaingilia kwa Ekegusii, akaeleza mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya kanisani: mkamwana wake, koleji, Ijumaa, Jumamosi, na mwanawe aliyeingiwa na umeme. Sikujua wakati huo kwamba Bwana Harish alizaliwa Masimba, nyuma ya duka la baba yake, akacheza na watoto wa kwetu mpaka alipokuwa mkubwa. Alisikiliza kila neno. Kisha akapiga kaunta kwa kiganja, akacheka mpaka miwani ikamtoka, akamwita mkewe kutoka chumba cha nyuma aje asikie, akamsimulia kwa lugha yao, na mkewe akaja akanishika mashavu yote mawili.

"Mtoto," Bwana Harish akasema akijifuta macho, "sikia mimi. Kwa hii wimbo, baba ni mwanaume. Ni mzee ya nyumba. Bibi yake anamwita arudi kunywa chai."

Nilimwonea huruma. Mtu mzima kiasi kile, na duka zuri namna ile, na hajui baba ni nani. Magokoro naye alitikisa kichwa kwa upole, kama tunavyomfanyia mtu anayekosea jina la mwenyeji wake.

"Anaita baba," magokoro akamwambia, na hilo likawa ndilo neno la mwisho.

Bwana Harish aliinama chini ya kaunta akavuta katoni yetu. Niliitambua hata kabla haijatokea yote. Alipekua, akatoa ile yenye jalada lililochanika, akaiweka kwenye mashine yake pale dukani, akasema afadhali tuhakikishe ni yenyewe. Yule mwanamke akaimba. Pale kwenye "rudi" sindano ikanasa. Bwana Harish akanyoosha mkono haraka.

"Wacha!" nikapiga kelele. "Wacha iite!"

Akarudisha mkono. Tukasimama wote, sisi, mzee na mkewe na mtu wa betri, tukisikiliza "rudi, rudi, rudi" ikitoka mpaka barabarani, nami nikihesabu kwa vidole. Vidole vilipokwisha nikamwambia sasa inatosha.

Hakutaka chochote. Alisema mwenye hoteli hatajua kwamba moja imepungua. Magokoro alimwachia nusu ya ndizi hata hivyo, akaifunga santuri ndani ya leso, tukarudi nyumbani bila vikombe.

Jumamosi ilifika. Tata aliamka mapema akapangusa spika ambazo hazikuwa na vumbi. Mimi nilikaa kwenye jiwe karibu na barabara tangu king'ora cha asubuhi. Na mama akaja. Alitokea kwenye kona akiwa na sanduku lile la bati kichwani, godoro limefungwa kamba na kubebwa na kijana wa stendi, na alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa akicheka tangu mbali. Nilikimbia mpaka ndara ikanitoka mguuni.

Alipokwisha kunywa chai, tata akamketisha kwenye kiti kilichokuwa katikati ya spika mbili, mahali alipokuwa amepapima kwa futi. Akamwambia asikie ukimya. Mama akausikia. Akamwekea wimbo, na mama akafumba macho, akasema, "Yoo! Utafikiri wako chumbani." Tata alikuwa na furaha ya kukosa pa kusimama. Kisha mama akafungua macho, akainama, akaangalia chini ya meza.

"Na santuri ziko wapi?"

"Nilizibadilisha na hii," tata akasema. "Zilikuwa zimezeeka. Hii haina mikwaruzo."

"Hata yangu?"

Tata aliitazama rimoti mkononi mwake. Mama hakupandisha sauti. Alisema tu, "Ile ulininunulia ukiwa huna hata baiskeli. Ungeniuliza." Wimbo ulikuwa umekwisha, na ule ukimya wa mashine ukajaa chumba chote. Ombati alianza kukagua kucha zake. Nilimwona tata, mtu mrefu vile, akipunguka pale aliposimama.

"Nilitaka uisikie safi," akasema taratibu. "Nilidhani nitaipata kwa sidii kabla hujafika. Sikuipata. Nimekosea."

Magokoro alinyanyuka, akaingia chumbani kwetu, akarudi na leso iliyokunjwa. Akaiweka kwenye mapaja ya mama, akaifungua.

"Mshukuru huyu mtoto," akasema. "Sisi ndio tuliokuita. Huyu mumeo angekuacha hukohuko."

Mama alishika jalada lile, akanitazama, akaniuliza niliipataje na kwa nini. Nikamwambia. Nilisema mbele ya wote kwamba bila santuri asingekuja, kwa hiyo tulikwenda kwa Bwana Harish ikamwita kutoka dukani, vidole kumi, na kweli amekuja. Kisha Ombati akaanguka kutoka kwenye kochi.

"Baba ni tata!" akapiga yowe, ameshika tumbo. "Kwa Kiswahili baba ni tata! Wanamwita tata! Miaka miwili mnamwita tata, na tata yuko hapa hapa!"

Tata alifunua kinywa. Nikamwona akirudi nyuma akilini, Ijumaa moja baada ya nyingine, kila mara nilipomwomba ile ya baba na yeye akatabasamu. Akaanza kucheka polepole, mabega kwanza. Magokoro alisema yeye hajali Kiswahili kinasema nini, aliyeitwa amekuja, na mwenye ushahidi mwingine aulete. Hapo hata mama akashindwa. Alicheka huku machozi yakimtoka, akanivuta, akaniweka juu ya magoti pamoja na santuri, akaninong'oneza sikioni, "Mimi nilikuwa nakuja kwa sababu uko hapa. Hata nyumba ikiwa kimya kabisa, nitakuja."

Sikumwamini mara moja. Lakini nilinyamaza, kwa sababu shingo yake ilikuwa na harufu ya mafuta yake ya siku zote.

Tata alikuwa ameshaenda stoo. Tulisikia kuku akilalamika, kisha tata akatokea na sanduku la zamani, nyasi zikianguka, na yai moja mkononi ambalo alimkabidhi magokoro kwa heshima. Alilisafisha lile sanduku kwa brashi, akafuta sindano kwa spiriti, akatafuta waya, akalala kifudifudi nyuma ya amplifaya. Kulikuwa na tundu moja huko ambalo hakuwa amelitumia, na kijitabu chake kilisema ni la santuri. Akachomeka. Akaiweka ile ya mama, akashusha sindano, na vile vitunguu vyake vikakaangwa kupitia spika kubwa, kwa sauti ambayo kitunguu hakijawahi kukaangwa nayo. Yule mwanamke akaanza kuimba, mzima, mzito, amesimama sebuleni kwetu. Akafika pale kwenye "rudi" akanasa.

Tata akanyanyua kidole kugonga. Mama akamshika mkono.

Wakati huohuo zamu ya mchana ilikuwa ikitoka kiwandani. Wanaume walikuwa wakipita mbele ya nyumba na mabuti yao, na wote wakasikia wakiitwa, "Baba rudi, rudi, rudi, rudi," wakasimama. Mmoja akauliza dirishani ni nani anayewaita. Mama akawaambia waingie, chai ipo. Wakaingia, wake zao wakawafuata, watoto wakajaa mlangoni. Tata aliwawekea sidii wakasikia ukimya na pumzi, akawawekea santuri wakasikia vitunguu, wakabishana vikali kipi ni bora, na waliochoka kubishana wakacheza. Mama alicheza na tata. Walikuwa wakikosea hatua na kukanyagana, lakini hakuna aliyeachia mwenzake.

Zile santuri nyingine hazikurudi tena. Tata aliendelea kununua sidii moja moja, na nakiri kwamba nyingi nilizipenda kuliko santuri yoyote. Mama alipewa kazi katika shule iliyo juu ya kiwanda. Jumatatu ya kwanza alipotoka nyumbani nilisimama kwenye lile jiwe nikamtazama mpaka akapinda kona, na sikubanduka mpaka saa saba aliporudi kula. Jumanne nilifanya hivyo. Jumatano pia, ingawa jua lilikuwa kali. Wiki iliyofuata, sikumbuki siku gani, nilikuwa nyuma ya nyumba na yule mtoto wa jirani, tumejenga kiwanda kwa udongo na tunakausha majani yetu, mikono imetapakaa matope. Mama alifika, akavua viatu, akapakua chakula, akakaa. Sikumsikia. Ilibidi atoke uani anitafute, aniite kwa jina mara tatu, ndipo nikainua kichwa nikamwambia, "Nakuja, ngoja kwanza nimalize."